Neno "Idle" Lilipofika Gotu

Sabdio Wako hutafsiri mikutano ya hadhara Isiolo, Kiingereza kwa Kiborana, na wanaomlipa humpenda kwa sababu hulainisha. Mgeni akisema watu watahamishwa, kwa Sabdio watasogea kidogo. Wazee hupiga makofi, chakula huletwa, na baadaye seng'enge huota mahali ambapo hakuna anayekumbuka kukubali.

Mwezi uliopita alipelekwa Gotu, nje ya mji wa Isiolo. Kampuni moja ilitaka kuzungushia ua malisho ya kiangazi, yale ambayo wazee huyafunga mvua ikinyesha ili mifugo wapate pa kukimbilia ukame ukija. Mjomba wake, Galgalo, ni mmoja wa wanaoyalinda. Aliwahi kumtoza mwanawe wa kumzaa faini ya fahali kwa kuingiza ng'ombe humo mapema.

Mgeni wa kampuni akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba ardhi hiyo ni idle, kwa hivyo hakuna atakayepoteza kitu.

Sabdio analijua neno hilo. Waingereza wa kale walilitumia kwa kitu kitupu, kisicho na maana. Baadaye wakalibandika kwa mtu asiye na kazi, halafu mvivu, mwishowe hata injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Sabdio mwenyewe aliandikiwa hilo kwenye ripoti ya shule, muhula ambao ukame uliwapeleka yeye na mbuzi wa nyumbani kwenye malisho hayohayo. Kumbe wote wawili, yeye na nyasi, walikuwa wavivu.

Angeweza kusema "iliyopumzika", na siku ingeisha salama. Akasema: "Anasema ardhi hii ni tupu, imekaa bure. Mimi sijasema. Ni yeye."

Kisha Galgalo, bila kupandisha sauti: "Muulize kama kwake kuna gunia la unga ambalo halijafunguliwa. Kama liko alilete tule leo, kwani limekaa bure."

Watu wakacheka, si kicheko cha furaha. Maneno hayo yalipotafsiriwa, mgeni akatabasamu na kumwambia Sabdio arekebishe tafsiri yake. Yake. Sabdio akamjibu kwamba tafsiri iko sawa, kilichoharibika ni alichosema. Mwenyekiti wa mkutano akamnong'oneza Sabdio afikirie kazi ya kesho. Sabdio akaiweka maikrofoni mezani.

"Ishike," Galgalo akasema. "Mwambie hapana. Na usimwongezee asante."

Sabdio akaisema hiyo hapana kwa Kiingereza, akairudia kwa Kiswahili ili hata madereva wa kampuni wasikie.