Mtaro Huzibuliwa Kuanzia Chini

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Alhamisi, karibu na masika, na mimi nilikuwa kijana niliyeoa mwaka uleule. Nyumba yangu ilikuwa ya juu kabisa katika safu ya nyumba sita pale Bagamoyo, ardhi inapoanza kuteremkia pwani. Nyuma ya nyumba zote sita ulipita mtaro mmoja wa maji ya mvua. Kiangazi kizima upepo uliujaza mchanga, na kila mwaka kabla ya masika tuliuzibua kwa pamoja.

Desturi ilikuwa kuanzia mdomoni, kule ufukweni, tukipanda nyumba hadi nyumba. Yangu ilikuwa ya mwisho. Mvua ikiwahi, maji yalituama uani kwangu mpaka mchanga uyanyonye, wenzangu wakavu, mimi na vyura wangu. Sikuona haki hapo. Mwaka ule kazi ilipangwa Jumapili, na manyunyu ya juzi yake yalikwishaniachia dimbwi. Mama mkwe alikuwa anakuja kesho yake kutoka Kaole, mara yake ya kwanza kuingia kwangu. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo niliijua tangu chuoni, lakini kuijua ni kitu kimoja na kuwa na mama mkwe ni kingine.

Nikashika beleshi, nikazibua kipande changu chote hadi mpakani kwa Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa mjane wa nyumba ya pili, akiishi peke yake na kusuka mikeka. Alinichungulia juu ya ua wake wa makuti.

"Athumani baba, huko chini pameshafunguliwa?"

"Jumapili, bibi. Ni siku tatu tu."

"Haya. Na mvua umeiambia ingoje Jumapili?"

Nikacheka, naye akacheka, akarudi kwenye ukindu wake. Dimbwi langu likakauka jioni ileile, nikajiona fundi.

Ijumaa tukiwa msikitini mvua ikashuka kwa kishindo. Maji ambayo miaka yote yalituama kwangu sasa yalikuwa na njia safi niliyoyachimbia mwenyewe. Yaliteremka kwa kasi hadi mpakani, yakakuta mchanga wa kiangazi, yakageukia ukuta wa Bi Mwanaidi. Ukuta wa udongo hauna ubishi na maji. Tulipofika, upande mzima wa nyuma ulikuwa umemomonyoka, fito zimebaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nje, mzima, kashika mkeka uliojaa tope.

"Maji yako yalipiga hodi, baba," akasema. "Kabla sijajibu karibu, yameshaingia."

Hakupaza sauti. Niliona aibu, na naiona hata sasa ninapokusimulia.

Aliyenikemea alikuwa Mzee Shomari wa nyumba ya chini kabisa, aliyewahi kuchochea makaa kwenye meli zilizokwenda Ulaya. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza nilianzia wapi. Nikasema nyumbani kwangu.

"Ndipo lilipo kosa," akasema. "Huko kwenye baridi nilikokwenda, mvua huanguka nyeupe, ikalala mapaani miezi mizima, kimya. Siku jua likikolea, yote inayeyuka na kushuka pamoja. Nilimwona mzee mmoja anavunja barafu kwa sururu kwenye mdomo wa mtaro, chini bandarini, baridi inakata masikio. Nikamcheka, maana nyumba yake ilikuwa juu kilimani. Jua lilipokolea nikaacha kucheka. Mtaa mzima ulipona kwa sururu ya yule wa juu."

Akachukua jembe, tukashuka wote hadi ufukweni, tukaanza kufungua mdomo mvua ikitupiga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta wa mtu ambaye hakuwa na ufa. Tena sikuweza kuujenga upesi, kwani udongo uliokandikwa wakati wa masika haukauki. Tukaziba kwa makuti, na Bi Mwanaidi akahamia kwangu mpaka mvua zilipokwisha. Chumba nilichomwandalia mama mkwe akalala Bi Mwanaidi. Mama mkwe alilala chini, juu ya mkeka, na asubuhi akaniuliza kwa upole kama kwetu ndivyo wageni wanavyopokewa.

Nyumba ilipokamilika, Bi Mwanaidi alinisukia mkeka. Sikuustahili, nikaupokea. Umechakaa, lakini ndio ninaousalia mpaka leo.

Basi sikiliza, mwanangu. Maji unayoyafukuza kwako hayapotei, yanakwenda kwa mtu, na mtu huyo ana jina. Kabla hujafungua kwako, shuka kwanza ukaangalie chini kama pako wazi. Ukikuta pameziba, zibua hapo, hata kama huko si kwako na hakuna atakayekushukuru. Ukiwa wa juu, kubali kuwa wa mwisho kukauka. Vyura hawajamwua mtu.

Mwenyezi Mungu akujaalie mvua ya kheri na ukuta usioanguka. Na aliye chini yako, mvua inaponyesha, alale bila kukufikiria.