Uzi wa Kunyooshea Magurudumu

Aliyeniuza ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, baba mmoja mama mmoja. Jina silitaji kwa heshima ya mke wangu, lakini mtu nimeshamtaja.

Tulitoka Unguja pamoja mwaka ule wa sitini na nne, na roho zetu na nguo za mwilini. Matrah, bandari ya Omani, tukaweka gereji ya mabati chini ya majabali. Miye nilikuwa na mikono, yeye ana ulimi. Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu. Skuli niliiacha mapema nikaingia chini ya magari. Yeye akikisema kama aliyezaliwa Nizwa. Basi mteja akija, yeye huzungumza, miye huitikia naam.

Mwaka wa sabini, sultani mpya aliposhika na nchi ikafunguka, tajiri mmoja alileta gari ya mbio kutoka Beirut, nyekundu, ya watu wawili, iko chini kama sahani. Kila jiwe likiikwaruza tumbo. Akaagiza springi na shokapu nyengine, ngumu zaidi, si za kiwanda chake, akatuletea tumfungie. Akasema wazi kwamba anajenga gereji kubwa, na atakayeiweka sawa gari hii ndiye atakayeisimamia. Mke wangu akaanza kuiota nyumba isiyovuja.

Nikafunga. Kisha nikapakia magunia ya mchele kitini pa dereva, maana tajiri alikuwa na mwili wake, na gari hupimwa na mzigo wake. Nikavuta uzi wa kuvulia samaki toka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kulia na kushoto, nikazungusha rodi za usukani hadi magurudumu ya mbele yakaelekeana kidogo tu, nikakaza nati.

"Shemeji," nikamwambia, "mweleze springi mpya ni kama kiatu kipya, mpaka kivaliwe. Aendeshe polepole hapa hapa mjini. Zikishakaa, gari itashuka na magurudumu yatapotoka. Airudishe nivute uzi tena. Asende mbali kabla."

Akasema na tajiri kwa Kiarabu maneno marefu, matamu. Tajiri akacheka, akaondoka, vumbi tupu.

Alirudi gari inavutwa kwa kamba. Alikuwa kaenda nayo mbali, mpaka Barka, kwa kasi. Mipira ya mbele imelika upande mmoja mpaka nyuzi zake zinaonekana, usukani umemvuta hadi ndani ya wadi, bonde kavu la mto. Mkono ameufunga kitambaa. Akatuita barazani kwake, wazee wamekaa na kahawa yao. Shemeji akazungumza akinionyesha miye, uso wa huzuni kama yuko matangani. Kisha akanigeukia.

"Nimemweleza habari ya springi na uzi, yote kama ulivyoniambia. Anauliza, ndivyo?"

Nikaweka mkono kifuani. "Naam, sheikh. Naam."

Tajiri akatazama pembeni.

Mlangoni, mmimina kahawa, mzee wa Sur aliyekaa Unguja zamani, akanikamata kanzu.

"Weye una wazimu? Shemejio kasema alikusihi uipime tena, ukakataa, ukasema gari hiyo hivyo hivyo inamtosha huyo mnene. Na weye unaitikia naam mbele za watu!"

Niligeuka nirudi ndani. Nikafika kizingitini, nikasimama. Mzee keshajitenga na birika lake, hataki kuingizwa. Nikamwambie kwa lugha gani?

Nyumbani mke wangu alilia, kisha akasema labda kaka yake kakosea tu. Hata yeye.

Gereji kubwa akapewa shemeji. Hakupita muda akaja kwangu na halua mkononi.

"Usinune, shemeji. Kazi ipo. Njoo unishikie uzi."

"Huo uzi nani kakufunza?"

"Ndiyo maana nnakuita weye, yakhe. Nimwite nani?"

Watoto wanataka kula, nikaenda. Gari ya kwanza ilikuwa ile ile nyekundu. Magunia ya mchele shemeji keshayapanga kitini, kama nilivyokuwa nikifanya. Akalipiga moja kofi. "Mnene wetu huyu," akasema, akacheka peke yake.

Nikachutama nyuma na ncha ya uzi, yeye akachutama mbele na kipimo. Tajiri akaingia. Wakasemezana kwa Kiarabu, shemeji akaninyooshea kidole, na wote wawili wakanitazama, wakingoja niitikie.

Nikaukaza uzi. Sikuitikia.