Kinu Kilichorudi Kitupu

Kinu changu nilipewa na mama mkwe nilipoolewa, na nilikipakata kama mtoto kwenye basi kutoka kwetu magharibi mpaka mtaa wa Jericho, mjini. Katika mstari wetu wa nyumba hakukuwa na kingine. Kila aliyetaka kutwanga kitu alikuja mlangoni kwangu. Wote nawakumbuka majina, wao na watoto wao na hata wale waliohama bila kuaga, lakini wengine bado wako hai, kwa hiyo majina nitabaki nayo mwenyewe.

Sheria ya kinu ilikuwa moja tu, nayo nilitoka nayo kwetu: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukitwanga njugu, unakirudisha na njugu kidogo kwenye bakuli. Ukitwanga wimbi, ni hivyo hivyo. Haikuwa malipo. Ilikuwa ni kumwonyesha mwenye kinu kilichopita ndani yake. Kwa njia hiyo nilijua kila nyumba inakula nini, na sitasema kwamba sikupenda kujua.

Mimi nilikitumia zaidi Jumamosi. Nilikaanga njugu kwenye sufuria kavu, nikapepeta maganda pale mlangoni, nikatwanga na chumvi kidogo mpaka mafuta yakatoka na njugu ikawa laini, inashika mchi. Kisha nilikoroga unga wa ngano, yai, sukari na maziwa yaliyoongezwa maji, nikamimina kwenye kikaango, chapati za maji nyembamba ambazo watoto wangu waliziita pankeki. Kila iliyotoka motoni niliipaka ile njugu, nikaikunja. Mume wangu alizila kimya, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Jumamosi moja alionja, akaiweka chini, akauliza kama siku hizi napika kwa maji ya kufulia.

Nilionja na mimi. Sabuni. Nikainamia kinu nikanusa: sabuni ya mche, na chini yake ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Mti hunywa chochote unachoumwagia. Na aliyekitumia mwisho alikuwa jirani yangu wa ukutani.

Huyu alikuwa mama wa kutoka upande wa Nyeri, muuza nyanya na vitunguu pale sokoni Jericho, na mumewe alifanya kazi kiwandani. Miaka yote tuliyokaa ukuta mmoja hakuwahi kuazima kinu. Kwake njugu zilikuwa kitu cha kutafuna kutoka kwenye karatasi ukiwa njiani. Sasa ghafla alikuja kila wiki, na kinu kilirudi kitupu, kimeoshwa, bado kinachuruzika maji. Alikiacha kizingitini, akasema asante akiwa ameshageuka.

Nikaanza kumwangalia. Pazia lake halikufunguliwa tena mchana. Mumewe sikumwona akitoka na wenzake asubuhi, na nilipouliza niliambiwa amebadilishiwa zamu. Zamu gani haina kwenda wala kurudi? Na kupitia ukutani ilikuja harufu ya njugu zikikaangwa, saa ambazo hakuna mtu anayepika chochote.

Kwenye mfereji, tukingoja kuchota maji, nilimweleza mama wa mlango wa mwisho, mtu wa kwetu magharibi, ambaye habari ilimfikia kabla haijatokea. Yeye alikuwa na jibu tayari: jirani yangu ameiba mapishi, anauza pankeki sokoni. Lakini sokoni tulipita sote wawili na hatukuona ila nyanya. Basi akageuza maneno.

"Ni dawa ya mganga anatwanga," akasema, akiisogeza ndoo yake. "Mtu haoshi kinu kwa sabuni kwa ajili ya njugu, mwenzangu. Anaosha kile asichotaka ukijue."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka, maana watoto wangu walikula kutoka kwenye kinu kile.

Kwa hiyo alipokuja tena kukiazima, sikumpa. Nilimwambia nami nataka kutwanga sasa hivi, alete njugu zake tutwange pamoja, kisha tugawane. Alisimama akitazama mchi mkononi mwangu kama mtu aliyeombwa kuvua nguo. Kisha akaenda akazileta.

Alitwanga yeye. Mimi nilikaa kwenye kigoda kando ya jiko nikikoroga unga na kumwangalia mikono. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka na kuwa nyeupe kwa ile dawa ya nguo. Hakutia kitu chochote kingine ila chumvi. Njugu zilipolainika nilichota, nikapaka pankeki ya kwanza, nikampa. Aliikunja kwenye pembe ya leso yake.

Nikamwambia ya kwangu huliwa ikiwa moto. Akasema atakula nyumbani. Nikamwambia ale hapa. Nadhani alisikia sauti yangu ilivyobadilika, kwa sababu alisukuma mlango ukafungwa nusu, akachutama karibu nami.

"Anayekula njugu ni baba watoto," akasema. "Ni ukimwi. Mdomo wote ni vidonda, hakuna kingine kinachopita. Kinu nakiosha kwa ajili yenu. Na sikukuletea bakuli kwa sababu nilijua siku ukisikia, utakumbuka ulikula nini kutoka kwangu."

Akaongeza, polepole, kwamba nikitamka neno hilo kwenye mfereji, nyanya zake zitaozea mezani, na mwenye nyumba atawatoa kabla mgonjwa hajamaliza siku zake.

Nitasema nilichofikiria. Muuguzi alikuwa amekuja kwenye kikao cha akina mama kanisani akatufundisha kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa sahani wala kikombe. Tulimpigia makofi, kisha kila mmoja akarudi kwake na kuficha kikombe chake. Sasa nilikitazama kinu. Nikatazama vile vidole vilivyopasuka, ambavyo vilikuwa vimetoka kutwanga njugu zake na zangu pamoja. Pankeki ya pili ilikuwa imeiva, nami nilikuwa nimeshaipaka njugu, imelala kwenye sahani, inapoa.

Hapo mlango ukasukumwa. Alikuwa mama wa mlango wa mwisho, amefuata harufu. Alimtazama jirani yangu, akanitazama mimi, akatazama kinu katikati yetu.

"Naona leo mmekaa nacho wawili," akasema. "Haya, kimerudi na nini?"

Jirani yangu alishika pembe ya leso yake yenye pankeki. Swali lilikuwa langu kulijibu, kwa sababu kinu kilikuwa changu.

Niliichukua ile pankeki nikaiuma. Ilikuwa tamu, na nilikasirika kwamba ilikuwa tamu.

"Kimerudi na njugu," nikasema. "Amenitwangia."

Nikaikata iliyobaki, nikampa huyo aliyeingia nusu. Aliinusa kwanza, naye alikuwa mtu wa kunusa. Kisha akaila yote, akajipangusa mdomo, akasema chumvi imezidi kidogo. Jirani yangu alicheka, au alilia, sikutaka kuangalia sana. Akamwambia wakati mwingine atapunguza.

Tangu siku hiyo kinu kilirudi kimesuuzwa kwa maji matupu, na bakuli dogo la njugu juu yake, hadi mvua za masika, ambapo mumewe alipelekwa kwao kuzikwa. Mstari mzima ulichangia na kukaa na mjane, na waliouliza waliambiwa ni mapafu. Mama wa mlango wa mwisho ndiye aliyepika chai.

Mimi ile njugu niliipaka kwenye pankeki kila Jumamosi. Niliinusa kwanza, mlangoni, nikiwa nimegeuza mgongo. Mume wangu hakujua inakotoka. Aliniuliza siku hizi natia nini, maana imekuwa tamu kuliko zamani, nikamwambia ni mchi tu. Kisha niliketi upande wa pili wa meza nikimwangalia akitafuna, na mdomo wake niliuangalia hivyo mwaka mzima, nikitafuta kidonda.