Tangazo la Wakili wa Redio

Tarehe sita Machi, Jumatano alfajiri, tulimpoteza wakili wetu katika hospitali moja ya Arua. Alikuwa mgonjwa tangu mwaka uliopita, na hakupenda kuulizwa.

Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili upande wa Mvara. Mimi niliingia pale kufagia na kuchemsha chai. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini ninasikia Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha sokoni na Kiswahili, na wateja wake karibu wote walikuwa redio na magazeti madogo. Basi siku moja akanikalisha na rekodi ya kipindi, akaniambia niandike kila neno lililosemwa. Kazi hiyo niliifanya miaka tisa.

Watu walidhani wakili wa redio ni mtu wa kupiga kelele mahakamani. Wa kwetu alimaliza kesi nyingi kabla hazijafika huko. Redio ikimchafua mtu, alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akakaa kwenye mkeka, akaomba aambiwe ni maneno gani yaliyouma. Kisha aliwabana wenye redio wasahihishe kwa saa ile ile na sauti ile ile. Mwandishi akiwekwa ndani, yeye alifika kituoni kabla hajanywa chai. Kwenye mikataba ya biashara alikuwa wa kawaida tu, na wateja aliwaambia hivyo mwenyewe.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa matangazo ya vifo. Redio moja ya Koboko iliwahi kusoma kifo cha mwanajeshi mstaafu, na mzee mwenyewe alikuwa shambani analima mihogo. Ndugu waliogombana naye kwa ajili ya ardhi ndio walioleta karatasi. Watu walifika kwake wakilia, wengine na kuku mkononi. Baada ya hapo wakili aliandika sharti: kifo kisisomwe bila barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri. Alizunguka redio zote akilibandika ukutani kwa mkono wake.

Jumatano ile niliandika tangazo lake. Maziko yalipangwa kesho yake saa nane mchana, kwao Kuluba. Mtu niliyemfikiria zaidi alikuwa dada wa mama yake, ndiye aliyemlea. Anakaa ng'ambo ya mpaka, kijiji ambacho simu haishiki, lakini redio ya Koboko anaipata. Tangazo lisiposomwa saa kumi na moja jioni ile, binti yake wa kumlea angezikwa yeye hajui.

Nilifika kwenye redio hiyo ya Koboko saa saba. Mtangazaji, mama mmoja tuliyezoeana, alisoma karatasi yangu, akajifuta macho kwa leso.

"Barua ya mwenyekiti iko wapi?"

"Mama, mimi natoka kwa ofisi yake. Wewe najua mimi."

"Mimi najua wewe, najua mpaka chai yako. Lakini angalia ukuta. Huyu alisema hata askofu akikuja bila barua, hapana soma."

"Basi wewe andika kama barua iko."

Nilisema hivyo, na siwezi kuficha.

"Amekufa leo asubuhi tu," alisema, "na wewe nataka tuanze kudanganya yeye?"

Nilikuwa nimeamini kwamba jina la ofisi lilitosha. Nilichukua boda hadi Kuluba, nikamkuta mwenyekiti shambani. Barua aliiandika juu ya goti, lakini muhuri ulikuwa nyumbani ndani ya sanduku la bati, na ufunguo mke wake alikuwa ameondoka nao kwenda sokoni. Tulikwenda kwake, mzee akasimama akilitazama lile sanduku. Kisha akachukua jembe, akavunja kufuli.

"Mama ya watoto atapigia mimi kelele," alisema. "Wacha apige."

Nilirudi redioni zikiwa zimebaki dakika kumi. Mtangazaji aliisoma barua yote, akampigia mwenyekiti simu mbele yangu, kisha akaingia chumba cha matangazo. Alilisoma tangazo kwa Kikakwa, akarudia kwa Kiarabu. Sauti yake haikutetemeka.

Kesho yake saa nane kila kitu kilikuwa tayari. Mjomba wa marehemu alitazama mawingu, akasema tuanze. Nikamwomba tungoje kidogo. Aliniuliza mimi ni nani wa kupanga mazishi ya nyumba yao, na aliuliza kwa haki. Lakini mwenyekiti alimwambia, "Mzee, mvua ikikuja tutalowa. Ni hiyo tu." Tukangoja.

Ilikaribia saa tisa na nusu mama yule aliyemlea alipotokea kwenye njia ya shamba, kwa miguu, viatu mkononi. Alikuwa amelisikia tangazo akiwa jikoni, akaondoka kabla hakujapambazuka. Mpakani walimkalisha muda mrefu. Hakulia. Alisema jeneza lifunguliwe.

"Tumekwisha kuaga," mjomba alisema.

"Nyinyi ndiyo mmeaga."

Wakalifungua. Akainama, akakifungua kitambaa cha kichwa tulichomfunga hospitali, akakifunga upya, taratibu, akificha fundo nyuma ya sikio.

"Sasa funga," akasema, na wanaume wakashika kamba za kuteremshia jeneza.