Ukambi wa Wanjiru

Wiki jana nilijiaibisha mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi hapa Kabazi. Nilitoka kuwatia kondoo wa bwana mwenye shamba alama za rangi nyekundu, nikambeba mtoto wangu Wanjiru. Punde si punde nikaona madoa mekundu shavuni. Ukambi! Nikampapasa shingo kuona kama ana homa, na shingoni nako madoa yakatokea. Nikawapigia majirani kelele wafungie watoto wao ndani, nikamkimbiza kwa dresa anayetutibu hapa shambani.

Dresa akapangusa shavu kwa pamba yenye maji. Doa likafutika. Wanjiru akaidaka pamba.

"Baba Wanjiru, hebu nione mikono yako," dresa akasema.

Niliificha mgongoni haraka. Lakini mke wangu, aliyetufuata mbio, alikuwa amesimama nyuma yangu, na ndiye aliyecheka kwanza.