Mama Hakusema Ndiyo

Kaka yangu tunamwita Msumari kwa wembamba wake. Anaandika programu za ndani kabisa ya kompyuta, zile zinazoiambia prosesa, ubongo wa mashine, lini ikimbie na lini ipunguze mwendo. Muulize kazi yake, chai itapoa mkononi. Zamani nilikuwa namcheka. Sasa sicheki.

Mama alifanyiwa upasuaji wa koo, sauti ikaenda. Msumari akampa kompyuta ndogo aliyoiandikia programu mwenyewe: Mama anaandika, yenyewe inasema. Wee! Akarudia kutugombeza kama kawaida yake.

Kisha ikaanza kukokota. Mama anaandika, tunangoja, kimya, sisi tumeshaingia habari nyingine. Tukazoea kumjibia. Nilimpigia Msumari, akanijibu jibu lile lile la waandika programu wote: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Kaka mkubwa akaitisha kikao. Mama ahamie kwake, nyumba ya Mama ipangishwe. "Mama, umekubali, sivyo?" Mama akaandika. Tukangoja. "Kunyamaza ni kukubali," akasema kaka mkubwa, akatoka kumpigia simu mpangaji. Mama akafunga kompyuta kwa kishindo, haijatamka hata neno. Nilidhani amechoka tu. Wiki hiyohiyo tukambeba na kitanda chake.

Msumari alipokuja kumwona huko, akaifungua ile kompyuta na kukaa nayo mchana kutwa. Nikamwona anashika kichwa.

"Dada, kosa ni langu."

Akanieleza. Ukiifunga, kompyuta inalala, na kasi inashushwa. Ikiamka, irudishiwe kasi yake. Yeye aliandika sehemu ya kushusha, ya kurudisha akaisahau. Hakugundua, maana ya kwake haizimwi wala hailali, sawasawa na mwenyewe. Ya Mama ilifungwa kila alipomaliza kusema, na kila mara kasi ikazidi kushuka.

"Sasa inataka nini?"

"Mstari mmoja."

Mstari mmoja! Nilitamani kumzaba kibao.

Akauongeza, akaifunga, akaifungua, akamwekea Mama mapajani. Kaka mkubwa naye akasogea, anatabasamu. "Haya Mama, tusemeshe."

Mama akaandika. Hakuwa hata ameinua kidole, sauti ikatoka kali, nyumba nzima ikasikia:

"Siku ile niliandika sitaki. Nirudisheni kwangu."

Kaka mkubwa akanitazama mimi, mimi nikamtazama Msumari. Kule kwa Mama wapangaji walikuwa wameshaingia na watoto wao, na chumba chake walishakipaka rangi. Mama akatupitia mmoja mmoja kwa macho, akingoja jibu, na safari hii sisi ndio tuliokosa sauti.