Nguchiro wa Mama Yusuph

Wifi yangu Mwanaisha hajui kukaa. Mpe kigoda, atakikalia kwa upande, macho yapo uani, na kabla hujamaliza salamu ameshainuka kutafuta ufagio. Hapa Kwamsisi tunamtania kwamba siku akifa atawaambia wachimba kaburi wasogee kidogo, afagie kwanza. Anacheka, halafu anafagia.

Mimi ni Hafsa, mdogo wake Mustapha, mumewe, kwa hiyo haki ya kumsema ninayo na ninaitumia. Lakini hangaiko lake nalijua lilikotoka. Mwanawe wa kwanza, Yusuph, aliumwa na nyoka, kifutu, kwenye rundo la mabua nyuma ya jiko. Kuku alikuwa anatagia humo, mtoto akaingiza mkono kutafuta mayai. Tulimpakia kwenye bodaboda, akatufia njiani. Tangu hapo Mwanaisha hataki kuona kitu kikavu kimelala chini. Jani, bua, kijiti, vyote hukusanya na kuchoma, kuanzia uani mpaka mwisho wa shamba. Amebaki na Hamisa, binti yake mdogo, na kumlinda anamlinda hasa.

Tulimsifu. Shamba lile ungeweza kutandika mkeka popote ukalala. Basi mchwa wakaanza.

Mahindi yamefika kiunoni, leo moja limelala, kesho jingine. Ukiliinua, shina limeliwa chini na ndani kumejaa udongo. Akanunua dawa, akapulizia, wakatulia kidogo, wakarudi na njaa zao. Msimu uliofuata walifyeka karibu shamba zima wakamalizia na nguzo za jiko. Kaka yangu akaenda Korogwe kubeba mizigo sokoni, sisi wengine tukawa tunamgawia wifi unga. Alikonda, maskini, na bado anafagia!

Anayepakana naye shambani ni Isaka, Msambaa aliyeshuka kutoka milimani. Shamba lake tulikuwa tunaliita jalala. Mabua ya mwaka jana yamelala pale pale yalipoangukia, na mwenyewe wala hana habari. Lakini mahindi yake yamesimama, tena yamenona. Mwanaisha akamwendea kwa hasira, utadhani Isaka ndiye aliyewaonyesha mchwa njia.

“Mama Yusuph,” Isaka akamwambia, “mchwa chakula chao ni kikavu. Wewe kikavu chote umekitia moto. Sasa unataka wale nini, mchanga?”

“Na nyoka je?”

Isaka alikuwepo siku ya mazishi, alishika jembe kama wanaume wengine. Aliinama, akaendelea na palizi yake.

Mwanaisha alirudi akilia, nilimwona. Njaa iko mlangoni na kifutu yuko akilini. Baada ya mavuno machache ya msimu ule aliyaacha mabua shambani, ila uani hakuacha hata jani.

Ee jamani, tulikoma! Usingizi aliupa kisogo. Alfajiri yuko shambani na mabuti ya Mustapha na fimbo ndefu, anapekua mabua, anaruka, anarudi kumhesabia mtoto vidole vya miguu. Hamisa akivuka ua tu, kelele zinafika kwetu. Nilimwambia, “Wifi, utapata presha.” Akanijibu nimwachie presha yake.

Chini ya mabua mchwa wakapata kazi nyingine. Walikula kikavu, mahindi ya msimu mpya wakayapita. Nyuma ya mchwa wakaja vyura, na majongoo, na kanga wa porini wakichakura asubuhi. Panya nao wakahamia. Alipoona panya Mwanaisha alishika kiberiti, kwa sababu penye panya nyoka hachelewi. Mustapha, ambaye alikuwa amesharudi kutoka Korogwe, alimnyang'anya. “Mahindi yanabeba, mke wangu,” akasema. “Vumilia.” Akavumilia.

Halafu wakaja nguchiro wakifuata panya, na hapo ndipo walipoingia kwangu. Vifaranga kwanza, kisha mitetea. Kila asubuhi manyoya! Uvumilivu ukaniisha. Nikaazima mbwa wa Ernesti, mwindaji wetu, nikashika panga, nikaenda kwenye shamba la wifi yangu kuwamaliza.

Nikamkuta kasimama njiani, fimbo mkononi.

“Hupiti,” akasema.

“Nguchiro wako wanamaliza kuku wangu!”

“Najua. Na wangu wamewala.”

“Unajua na umekaa kimya? Wewe ni wifi wa namna gani?”

Akanionyesha kwa fimbo pale nyuma ya jiko, mahali ambapo lilikuwepo lile rundo. Jana yake asubuhi, akasema, kifutu alikuwa amejikunja pale, na Hamisa anapiga mswaki hatua chache tu kutoka hapo. Kabla yeye mama hajapata sauti ya kupiga kelele, nguchiro akatokea shambani. Akamzunguka nyoka, akamrukia, akarudi nyuma, akamrukia tena, mpaka akamshika kichwa. Akamburuta kwenye mabua.

“Chukua kuku wangu wote waliobaki, Hafsa,” akasema. “Kuku wanauzwa kila gulio. Yusuph wangu wanamuuza gulio gani?”

Nilimshika mbwa ukosi, nikageuka. Nyuma yangu nikasikia ufagio umeshaanza.

Wiki iliyofuata nguchiro walinilia jogoo wangu mwekundu. Sikwenda kumwambia wifi.